Usiku Tulioufuta Jispa

Watanzania wakifika watatu ugenini, wanaunda kamati. Sisi tulikuwa kumi na wawili, kwa hiyo tulikuwa na Mwenyekiti, Katibu, Mhazini, Mhazini Msaidizi na mtu wa itifaki ambaye mpaka leo sijui kazi yake ilikuwa nini. Kusema kweli si wote tulikuwa Watanzania. Wanane tulitoka Bongo, wawili Kenya, mmoja Bukavu na mmoja Bujumbura, ila Kiswahili kilitufanya ukoo mmoja, na wale wanne waliipokea kamati yetu kama mtu anavyopokea taratibu za nyumba ya shemeji. Wote tulisoma chuo kimoja huko Punjab, kaskazini mwa India. Mitihani imekwisha, Juni imeanza, joto limevuka digrii 40 na feni ya bweni inatuzungushia moto uleule. Tulikuwa tunakimbilia baridi: Amritsar kwanza, kisha Manali, kisha ile barabara ya kilomita mia nne na ushee inayopanda milima ya Himalaya mpaka Leh, Ladakh.

Mimi nilipewa cheo cha Mshauri wa Mlima.

Nilijitafutia mwenyewe. Kwetu ni Marangu, na baba yangu amepanda Kilimanjaro kwa lango lile zaidi ya miaka ishirini, kwanza akiwa mgumu, yaani mpagazi, halafu mpishi wa wageni. Nilipofika chuoni na watu wakaniuliza natoka wapi, nilijibu kwa kirefu. Nilisimulia Mandara, Horombo na Kibo, vituo vya kulala njiani kwenda kileleni, kana kwamba ni vyumba vya nyumbani kwetu. Nisichokuwa nasema ni kwamba mimi mwenyewe niliishia Mandara, mita 2,720, nikiwa darasa la sita kwenye safari ya shule, na nilirudi mgongoni mwa mwalimu wa michezo kwa sababu ya malengelenge. Kuanzia hapo kwenda juu, yote ni ya baba.

Kikao kilifanyika chumbani kwa Mwenyekiti, watu wamekaa vitandani, juu ya ndoo na juu ya mabegi. Mchango ulikuwa rupia 15,000 kila kichwa, jumla laki moja na elfu themanini. (Hizi hesabu za laki ndizo zilizonifanya nijisikie nyumbani India tangu wiki ya kwanza. Nao wanahesabu kwa laki, na neno ni hilohilo. Sisi ndio tuliolichukua kwao, pamoja na gari, bima na chapati.) Mhazini, kijana wa Singida anayehesabu chenji mara tatu kwa kujifurahisha, akatangaza kwamba bajeti imezidi kwa elfu tisa. Akashuka na kalamu kwenye ratiba mpaka akafika palipoandikwa Jispa, siku mbili.

"Hapa Jispa kuna nini?"

Kuna mto, nikamwambia. Na nyumba chache za wageni.

"Kwa hiyo tunalipa usiku wa pili tukae kutwa tunaangalia mto?"

Watu wakacheka, wakanigeukia. Nami nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba halikuwa suala la kutojua. Wageni wa baba wenye pesa ya siku sita hulala Horombo mara mbili. Siku ya katikati wanapandishwa kidogo, wanarudishwa kwenye vitanda vilevile, na nilipokuwa mdogo niliona ni uvivu wa kizungu. Nikamuuliza. Baba akanijibu, "Miguu imefika, lakini damu bado iko njiani," yaani mwili haujaizoea hewa nyepesi ya juu. Jibu lile nilikuwa nalo mdomoni pale juu ya ndoo. Lakini chumba kizima kilikuwa kinacheka, na mtoto wa Marangu kuogopa kijiji chenye mto ilikuwa aibu.

"Tunaweza kuuondoa," nikasema. "Sisi tuko ndani ya gari, hatutembei kwa miguu."

Katibu, dada mmoja wa Tanga mwenye mwandiko wa kuchapa, akaandika kwenye daftari: Mshauri wa Mlima ameridhia.

*

Amritsar tulifika alfajiri tukiwa na usingizi na shombo la basi. Hekalu la Dhahabu la Masingasinga nilikwisha kuliona kwenye picha mara nyingi, na bado halikunisaidia. Unavua viatu, unafunika kichwa, unapita kwenye kijito kifupi kinachokuosha miguu, ndipo unashuka ngazi na kuiona ile dhahabu imekaa katikati ya bwawa kama taa mtu aliyoisahau ikiwaka. Wavulana walifungwa vitambaa vya rangi ya machungwa. Ndugu yetu wa Bukavu alipendeza nacho kiasi kwamba alikivaa mpaka mwisho wa safari.

Lakini mimi nililipenda zaidi jiko. Pale watu wanalishwa bure usiku na mchana, makumi ya maelfu kwa siku, tajiri na mwombaji kwenye mkeka mmoja. Unapewa sahani ya chuma, unakaa chini kwenye mstari, anapita mtu na ndoo ya dengu, mwingine na ndoo ya wali wa maziwa, mwingine na kapu la chapati. Kabla hujaona chochote unasikia kelele za vyombo, sahani maelfu zinaoshwa na watu wa kujitolea, kama mvua ya mawe juu ya bati. Mkongo wetu akawa anauliza kila dakika, "Nani analipa?" Wakenya wao walikuwa wanacheka tu. "Hii si ni Makindu!" Na kweli, aliyewahi kusafiri kati ya Nairobi na Mombasa analijua lile hekalu la Kalasinga pale Makindu, ambako msafiri hula bila kuulizwa dini wala nauli.

Chapati ilipofika kwangu nilinyoosha mkono mmoja. Mgawaji akapita. Nikadhani hajaniona. Mzee mmoja mwenye kilemba cheupe, ameketi upande wangu wa kushoto, akanigusa kiwiko.

"Mikono mbili, mama. Hii si kuchukua, hii napewa."

Ilinichukua muda kugundua kwamba amesema Kiswahili. Alizaliwa Kisumu. Babu yake, kwa maneno yake mwenyewe, "leta reli." Nadhani ndivyo wanavyosema wote, lakini huenda ni kweli: kati ya 1896 na 1901 Waingereza walivusha zaidi ya watu elfu thelathini kutoka India kujenga reli kutoka Mombasa hadi ziwani, wengi wao kutoka Punjab hii hii, na wapatao 2,500 walifia huko. Mzee aliwauliza Wakenya wetu kama samaki wa Kisumu bado wanauzwa pale ufukweni. Wakamwambia bado. Akafuta macho kwa ncha ya kilemba, akatuaga, akaenda kuosha sahani.

Manali nitaipita haraka kwa sababu ilitupita haraka. Basi la usiku, kona mia, mifuko ya kutapikia. Saa kumi na moja alfajiri nyumba ya wageni tuliyolipia kwa simu ikatukataa mlangoni. Kule mwenye nyumba anayelaza mgeni wa nje lazima ajaze fomu kwa serikali ndani ya saa 24, na huyu hakutaka kazi ya fomu kumi na mbili. Labda ilikuwa fomu, labda ilikuwa sura zetu; ukikaa India miaka miwili unazoea kutojua ni lipi. Mama mmoja wa mtaa wa pili, mwenye chai nzuri na mbwa mbaya, alizijaza zote kumi na mbili bila kunung'unika.

Gari letu lilikuwa Tempo, aina ya basi dogo la viti kumi na mbili, na dereva alikuwa mwenyeji wa bonde la Kullu, kofia ya duara yenye ukanda wa rangi, maneno machache. Tulimwita Bhaiya, yaani kaka, kama kila mtu anavyomwita kila dereva. Nje kidogo ya mji akasimama kwenye vibanda vya kukodisha makoti ya theluji. Viko vingi, vimepigwa namba kama vyumba vya hospitali, vimejaa suti za plastiki za rangi ya waridi na zambarau. Kijana wa kibandani akatukimbilia akipiga kelele, "Barf! Barf!" Dada wa Tanga akaruka.

"Amesema barafu?"

Alisema barafu. Ndilo neno lao. Watu wa pwani ya kwetu, ambao barafu ya kwanza kuiona ni ile ya kuweka kwenye juisi, walilipokea neno hili kutoka ng'ambo ya bahari kabla ya friji, na sasa tumelifuata mpaka kwake. Mimi kwa kiburi sikukodi suti. Koti la baba la Kilimanjaro lilikuwa begini.

*

Siku hizi mlima wa kwanza haupandwi. Kuna handaki, Atal, lililofunguliwa Oktoba 2020, kilomita 9, linatoboa chini ya njia ya zamani ya Rohtang. Unaingia upande mmoja kwenye misonobari, ukungu na matone ya mvua. Unatokea upande wa pili kwenye jua kali, miamba mitupu na anga la bluu iliyoiva. Kabla ya handaki, watu wa bonde hili la Lahaul walikuwa wakifungiwa na theluji karibu nusu mwaka. Bhaiya alituambia hayo kwa sentensi mbili, kisha akaongeza kwamba zamani mtu akiugua Januari aliombewa tu.

Pale Tandi, ambapo mito ya Chandra na Bhaga inakutana na kuwa mto mmoja, kuna kituo cha mafuta chenye ubao maarufu: kituo kinachofuata kiko kilomita 365 mbele. Tulipiga picha chini yake, watu kumi na wawili na meno nje. Bhaiya akajaza tangi, akajaza na madumu mawili.

Jispa ni kweli kuna mto tu. Mita 3,200 hivi, nyumba chache, mipopla mirefu inayotikisika, na maji ya Bhaga yanayopita kwa kelele rangi ya maziwa yaliyomwagiwa jivu. Usiku ule nililala vizuri. Asubuhi, kabla ya kuondoka, Bhaiya aliniuliza mimi, sijui nani alimwambia cheo changu: hamlali tena hapa leo? Nikamwambia hapana. Akatazama juu barabarani, akatazama mabegi, akaanza kupakia.

Darcha polisi waliandika pasi zetu kwenye daftari kubwa, moja baada ya nyingine, wakachelewa sana kwenye ile ya Burundi. Baada ya hapo simu zikafa zote. Barabara ikaanza kupanda kwa ngazi za kona. Pembeni kulikuwa na makundi ya vibarua wa barabara, wengi wametoka Jharkhand na Bihar, nyuso zimefungwa vitambaa, wanachemsha lami kwenye mapipa. Kikosi cha serikali kinachotunza barabara za mpakani hupigilia mabango ya mashairi mafupi ya Kiingereza ya kuwaonya madereva walevi, na sisi tuliyasoma kwa sauti kama kwaya. Huo ulikuwa mwisho wa kelele garini. Kuanzia hapo mmoja mmoja alinyamaza, na kila mmoja akadhani ananyamaza peke yake.

Baralacha La ni karibu mita 4,900. La ni neno la Kitibeti, maana yake njia kati ya milima. Kibo, banda la mwisho kabla ya kilele chetu, liko mita 4,720. Yaani kabla ya saa saba mchana nilikuwa nimekwisha kupita juu ya kila kitanda alichowahi kulalia baba yangu Kilimanjaro, nimekaa kitini, nakula biskuti. Yeye mahali kama pale hufika siku ya tatu, na mzigo kichwani. Theluji ilisimama pande zote mbili za barabara kama kuta, juu kuliko gari, na ziwa dogo la Suraj Tal lilikuwa bado limeganda, kipande cha bluu tu kikichungulia pembeni. Tulishuka. Watu wa suti za waridi wakarushiana barafu dakika tatu, kisha wakarudi garini wanahema kama waliokimbizwa. Mimi nilivaa koti la baba, nikapigwa picha nimenyoosha mkono kama mwongozaji. Ile picha ninayo. Ukiitazama vizuri utaona nimeegemea gari.

*

Sarchu ni uwanda mpana wenye upepo, karibu mita 4,300, mahema ya wasafiri upande huu, kambi ya jeshi upande ule. Nilikuja kujua baadaye kwamba madereva hawaipendi. Huwezi kushuka kutoka Sarchu bila kwanza kupanda: nyuma yako ni Baralacha, mbele yako kuna kona ishirini na moja zinazokupandisha kuelekea njia nyingine ya zaidi ya mita 5,000. Ni kama kuugua chini ya kisima. Kilimanjaro mgonjwa unamgeuza tu, na kila hatua inakuwa dawa. Mimi katika ushauri wangu wote sikuwahi kuitazama ramani kwa jicho hilo.

Chakula cha jioni kililetwa, kikarudi kilivyo. Kichwa changu kilikuwa kama kimefungwa kitambaa kibichi ambacho mtu anakikaza taratibu. Nilitoka nikaenda nyuma ya hema, nikatapika. Nikafukia kwa kiatu, kokoto juu ya kokoto, kama paka. Nikapangusa mdomo kwa mkono wa koti la baba, nikarudi.

"Mshauri, hali ikoje?" Mwenyekiti akauliza.

"Shwari."

Saa tatu nikatoka tena. Nikafukia tena. Shwari.

Sasa nisikilizeni, maana kama nina jambo moja la kusimulia katika safari hii ni hili. Usiku ule watu saba kati ya kumi na wawili walikuwa wanaumwa kichwa. Wanne walikuwa wametapika. Hakuna aliyesema. Nilipowauliza baadaye kwa nini, wote walinipa jibu moja kwa maneno tofauti: walikuwa wananitazama mimi. Mtoto wa Marangu anakunywa chai, basi hiki nilicho nacho ni uchovu. Mtoto wa Marangu amesema shwari, basi mimi ni mdekaji. Ule uongo mdogo nilioutumia kufunika kokoto zangu ulifunika na za wenzangu.

Saa saba usiku Katibu alitoka kwenda chooni akajikwaa kwenye kamba za hema, akaanguka, akabaki kakaa. Nilipomwinua aliniambia jambo, na maneno yakatoka yamelegea, yanaingiliana, yeye ambaye Kiswahili chake cha Tanga kilikuwa kikitunyoosha sote. Hapo ndipo nilipoacha kuwa mshauri nikawa mtoto wa baba. Nilichora mstari mchangani kwa kisigino, nikauwashia tochi, nikamwambia apite juu yake, kisigino kiguse kidole. Ni kipimo cha wagumu. Nimewaona wakikifanya kwa masihara uani kwetu. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili akatupa mikono. Ya tatu akaenda upande kama mtu aliyetoka kilabuni, akacheka, akaniuliza kwa nini mstari unatembea.

Nikakimbia kumwamsha Bhaiya. Hakuuliza swali. Tulimpeleka kambini kwa wanajeshi, na mlinzi alipoona anavyokokotwa alifungua kizuizi kabla hatujasema kitu. Mhudumu wa tiba, kijana aliyevaa soksi nzito mikononi badala ya glovu, akambana kidole kwa kile kifaa cha kupimia oksijeni. Asilimia 68. Akakibana na changu bila kuombwa, akanionyesha namba, akaniangalia kwa jicho la mtu aliyechoka kudanganywa. Katibu akafungwa barakoa ya oksijeni, akapewa dawa. Maelekezo yalikuwa mafupi: asubuhi, chini. Si Leh. Chini.

Bhaiya akasema saa kumi alfajiri. Si kwa ajili ya mgonjwa tu. Mchana jua likiyeyusha theluji vijito vinavyokatiza barabara hujaa, na gari dogo linaweza kukwama hadi jioni. Alfajiri maji yamelala.

Mwenyekiti, ambaye sitamsema vibaya kwa sababu naye alikuwa anaumwa, aliitisha kikao saa tisa usiku ndani ya hema la kulia chakula. Hoja yake ilikuwa kwamba malazi ya Leh yamelipwa na hayarudishwi. Katibu ashushwe na watu wawili, wengine waombe nafasi kwenye magari mengine. Watu wakatazama chini. Bhaiya, aliyekuwa mlangoni na hakuelewa neno hata moja la Kiswahili, alielewa. Akainua ufunguo wa gari juu kidogo, akaurudisha mfukoni.

Nikasema, "Mimi nimetapika mara mbili."

Ilikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia turubai linapigwa na upepo. Kisha Mrundi akasema, "Na mimi." Mkenya mmoja akasema kichwa kilianza tangu kwenye ziwa. Mhazini akasema haoni vizuri namba kwenye simu, na hapo kila mtu akashtuka kweli, maana Mhazini na namba! Wa mwisho alikuwa Mwenyekiti. Alikuwa na mfuko wa plastiki umefungwa fundo, ameuficha chini ya kiti tangu jioni.

Nikawaambia pia ya Horombo. Kwamba nilijua, na niliridhia. Hakuna aliyenigombeza, na ningependa wangenigombeza.

*

Baralacha tuliivuka tena kukiwa kunapambazuka, Katibu amelala mapajani pangu na chupa ya oksijeni ya kukodi, zile kuta za theluji zimekuwa bluu pande zote mbili. Hakuna aliyetoa simu. Vibarua walikuwa wamejikunyata kwenye mapipa ya lami, wanaota moto kabla ya kazi. Bhaiya alipunguza mwendo, akapiga honi fupi, wakainua mikono. Wale hulala kule juu msimu mzima kwenye mahema mepesi kuliko yetu.

Kila kona tuliyoshuka mtu mmoja alianza kuongea. Darcha polisi walifungua daftari lao kubwa wakatukuta bado tumo kwenye ukurasa wa jana. Kando ya kituo kuna vibanda vya chakula, na mama mwenye kibanda akatuletea alichokuwa nacho: wali na rajma, maharage mekundu makubwa yaliyopikwa yakalainika. Wali maharage, jamani. Tumekwenda mwisho wa dunia tukaletewa chakula cha shule ya bweni. Katibu alionja vijiko viwili, akavua barakoa vizuri, akasema kwa Kitanga chake kilichonyooka kabisa kwamba chumvi imepungua na nazi hawaijui. Mhazini akalia. Alisema ni pilipili.

Tulilala Jispa siku mbili. Mama wa nyumba ya wageni hakutuuliza kitu, alitupa vyumba vilevile. Siku nzima ya katikati hatukuwa na la kufanya. Tuliangalia mto. Wavulana walirusha mawe, Mkongo alifua kitambaa chake cha Amritsar akakianika kwenye mpopla, Katibu akaandika kumbukumbu za kikao cha usiku na akanisomea kila neno nilithibitishe. Mhazini alipiga hesabu: malazi ya Leh yaliyopotea, oksijeni, usiku wa nyongeza. Ile elfu tisa tuliyookoa ilikuwa imezaa hasara ya zaidi ya elfu thelathini. Aliikata kwenye karatasi kwa mistari miwili, akanipa kalamu nisaini.

Jioni mama mwenye nyumba alinionyesha jiwe moja karibu na daraja ambapo simu hushika. Nikapanda juu ya jiwe, nikampigia baba. Kwao ilikuwa mchana, nikasikia kuku na redio. Nikamweleza yote, Katibu, mstari wa mchangani, jeshi, kurudi. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Hapo mnapolala sasa ni mita ngapi?"

"Elfu tatu na mia mbili."

"Na mlilala siku ngapi kabla ya kupanda?"

"Moja."

"Nani aliwaambia moja inatosha?"

Mto ulikuwa unapiga kelele, na ningeweza kumwambia simu inakatika.

"Mimi, baba."

Akanyamaza. Nikahesabu kuku watatu. Kisha nikamsikia anavuta kiti.

"Mmekula?"

"Tumekula. Wali maharage."

"Maharage huko yapo?"

"Yapo, baba. Makubwa. Wanaweka na binzari."

"Haya," akasema. "Nieleze wanavyoyapika."